Kukata mshono wa bodi nyuma ya gurudumu la mbele: mwongozo kamili kwa wenye matairi makubwa

Ukielekea hifadhi ya Kidepo, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa njia ya Kotido na Kaabong mvua zikiwa zimeanza, kuna sauti moja wanayoijua wote waliovalisha magari yao matairi makubwa. Umekata kona, gurudumu la kushoto limezama kwenye korongo, na chini ya miguu ya abiria inasikika "krrrr", kama jembe linaloburutwa juu ya saruji. Hapo tairi linasuguana na chuma. Chuma chenyewe ni ukingo mwembamba, upana wa kidole hivi, uliojitokeza nyuma ya gurudumu la mbele, pale sakafu ya gari, ukuta wa mbele na kizingiti cha mlango vinapokutana. Ndio mshono wa bodi.

Mshono huu unaweza kulazwa au kupunguzwa, na mwanya ukapatikana. Kukata kwenyewe hakuchukui hata saa moja. Kazi kubwa ni vipimo vya kabla na kufunga chuma baada yake, na hapo ndipo magari mengi huharibiwa. Nimeona sakafu zilizooza kwa sababu fundi alikata vizuri, akapuliza rangi nyeusi ya kopo juu ya bati lenye vumbi, akamkabidhi mwenye gari funguo. Gari langu la kwanza la kwenda mashambani lilitengenezwa hivyo. Misimu miwili ya mvua baadaye nilinyanyua kapeti upande wa abiria, bisibisi ikapenya sakafuni bila kusukumwa.

Ujue unakata nini

Bodi ni vipande vya bati vilivyounganishwa kiwandani. Vipande viwili au vitatu vinapokutana, kingo zao hulazwa pamoja, kisha mashine ya umeme huvibana na kuyeyusha nukta ndogo, moja kila baada ya sentimita chache. Bati moja la bodi lina unene wa karibu milimita 0.7 hadi 1. Ule ukingo unaojitokeza ndio unaobeba nukta hizo. Ukiukata wote, ni sawa na kukata pindo la nguo pamoja na uzi wake: vipande vinabaki vimekaa jirani tu, havijashikana.

Kwenye Prado, Hilux Surf, Hilux na Land Cruiser, bodi imekaa juu ya chesisi, yaani fremu nene ya chuma iliyo chini ya gari, ikitenganishwa nayo na raba. Mzigo mkubwa unabebwa na chesisi, kwa hiyo kupunguza mshono ulio ndani ya fenda hakulivunji gari mgongo. Hata hivyo ukuta huo ndio ulio mbele ya miguu yako siku ya ajali, na ndio unaozuia maji, vumbi na moshi. Lazima urudi kuwa kitu kimoja.

RAV4, Forester, Harrier na Noah ni habari nyingine. Hizo hazina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mgongo. Kwenye magari hayo usikate mshono. Laza kidogo tu pale inapobidi, na usiguse kabisa ukingo ulio chini ya kizingiti cha mlango, mahali pa kuwekea jeki. Ukiharibu hapo, siku tairi likipasuka huna pa kuinulia gari, na siku ukigongwa ubavuni huna kinga.

Kuna kitu cha tatu kinachochanganywa na mshono. Nyuma ya gurudumu, juu ya chesisi, kuna kishikio cha chuma kinene kinachobeba raba ya bodi. Tairi likiwa kubwa sana hukifikia nacho. Kukikata ni kukata sehemu ya chesisi, na lazima kifungwe upya kwa bamba nene na mtu anayejua kuchomea chuma cha kubeba mzigo. Mwongozo huu hauhusu kazi hiyo. Kama ndicho kinachogusa, chagua tairi dogo zaidi.

Hesabu kabla ya grainda

Chukua Prado 120, ile ya 2002 hadi 2009, iliyojaa Kampala. Nyingi zinavaa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, ya tatu ni rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu ni milimita 172, mara mbili 344.5, jumlisha rimu ya milimita 431.8, unapata kipenyo cha milimita 776. Tairi la 265/70R17 linafika 803. Tairi la 285/70R17, ambalo watu hulitamani, linafika 831.

Gawanya tofauti kwa mbili, maana tairi hukua pande zote. Ukitoka 265/65 kwenda 285/70, ukingo wa tairi unasogea karibu na mshono kwa milimita 27, na bado hujahesabu upana ulioongezeka. Ukienda 265/70 unasogea milimita 13 tu, na kwenye magari mengi hutahitaji kukata chochote. Kwa barabara za Karamoja, eneo hilo la kuelekea Kidepo, ninazozifahamu, 265/70R17 yenye meno mazuri inatosha kwa kazi nyingi. Hayo ni maoni yangu, lakini nimeyapata kwa kusukuma magari.

Ujue pia kwamba kipima mwendo kitadanganya. Kwa 285/70 kosa ni asilimia 7: mshale ukionyesha 80, unakwenda karibu 86.

Hakikisha ni mshono unaogusa

Usikate kwa sababu jirani alikata. Osha gari kwanza, hasa ndani ya fenda, utoe tope lote. Paka chokaa au chaki nene kwenye mabega ya matairi ya mbele. Kisha pakia gari kama unavyosafiri: madumu ya maji, mafuta, mizigo, watu wawili mbele. Gari tupu hukaa juu na kukuficha ukweli.

Tafuta mahali pa wazi. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, nenda mbele polepole, halafu rudi nyuma. Rudia kushoto. Kurudi nyuma ni muhimu kwa sababu raba za saspensheni hujikunja upande mwingine na gurudumu husogea milimita kadhaa. Baada ya hapo panda gurudumu moja la mbele juu ya tuta au rundo imara la mbao mpaka springi ibonyee, na uzungushe usukani tena. Mtu wa pili atazame kwa tochi akiwa pembeni. Asiingize mkono wala kichwa ndani ya fenda gari likiwa na mtu kwenye usukani.

Chokaa itakuonyesha. Ikiwa imehamia kwenye plastiki ya ndani ya fenda, chuma hakijahusika: plastiki hiyo inapashwa moto kidogo, inasukumwa nyuma na kufungwa upya. Ikiwa iko kwenye kona ya bampa, punguza plastiki ya bampa. Ikiwa iko kwenye mshono, weka alama kwa kalamu ya rangi, urefu na kimo.

Jambo moja linaloweza kukuokoa usikate kabisa

Kwenye Prado 120 na Surf, mkono wa chini wa saspensheni umefungwa kwa bolti mbili zenye kamu, zile zinazotumika kurekebisha alainimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Fundi wa alainimenti anaweza kuusogeza mwisho wa mkono huo mbele kidogo, gurudumu lote likasogea mbele likiuacha mshono. Milimita 5 hadi 8 zinazopatikana hivyo mara nyingi zinatosha kwa tairi la 265/70, na usukani unatulia zaidi kwenye barabara ndefu kama ya Karuma. Mwambie fundi unachotaka kabla hajaanza, maana wengi hulirudisha gari kwenye namba za kiwandani na kuishia hapo. Bolti zikiwa zimeshikwa na kutu, zimwagie mafuta ya kulainisha siku mbili kabla.

Tazama na rimu zako. Rimu ya kiwandani ya Prado 120 ina ofseti ya karibu milimita 30, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye habu. Ukiweka rimu yenye ofseti sifuri, au spesa ya milimita 30 (bamba la chuma linalokaa kati ya rimu na habu), tairi linatoka nje kwa milimita 30 na linachora duara kubwa zaidi usukani unapozungushwa. Hapo ndipo linapoukuta mshono nyuma na bampa mbele. Watu huweka spesa wakidhani wanatafuta nafasi, na kumbe wameipoteza. Nimewahi kutoa spesa kwenye Surf moja na tatizo likaisha palepale, grainda ikiwa bado imefungwa kwenye sanduku.

Vifaa na maandalizi

Unahitaji grainda ndogo ya milimita 115, diski za kukatia za milimita 1, diski ya msasa, nyundo ya kilo 1 na nusu au 2, patasi butu, koleo za kubania, brashi ya waya, thina, praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushika chuma), silanti ya bodi (gundi laini ya kuziba mishono), rangi, na rangi nzito ya chini ya gari yenye raba. Kwa upande wa kuchomea, tafuta mashine ya waya na gesi yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Mashine ya vijiti inayochomea mageti hutoboa bati la milimita 0.8 kabla hujafumba jicho. Katwe na Ndeeba, mitaa ya Kampala, wapo mafundi wa bodi wenye mashine ya waya. Uliza uione, usikubali kuambiwa tu "ipo".

Vaa miwani inayofunika pande zote, glavu na barakoa. Diski ya milimita 1 ikipinda ndani ya mkato hupasuka, na vipande vyake havina huruma. Hakikisha kinga ya grainda ipo na kasi iliyoandikwa kwenye diski si chini ya kasi ya mashine.

Weka gari mahali pa sawa, funga breki ya mkono, weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua kwa jeki, kalisha chesisi juu ya stendi, toa gurudumu. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika mbili. Zima gari, toa waya hasi wa betri, na subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, ili mfumo wa mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali uishiwe umeme.

Toa plastiki ya ndani ya fenda. Waya wa sensa ya breki na paipu ya breki vinapita humo humo, vifunge pembeni na kuvifunika kwa kitambaa kilicholowa. Kisha ingia ndani ya gari, toa plastiki ya kizingiti na unyanyue kapeti na godoro la kuzuia kelele mpaka uone bati tupu nyuma ya pale utakapofanyia kazi. Usiruke hatua hii. Waya nyingi hupita ukutani hapo, na godoro lile hushika moto kimya kimya wakati wewe uko nje na kinyago usoni.

Hapo ndani utaona pia kama bati ni zima. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu iliyojificha ndani ya mishono. Ligonge kwa nyuma ya bisibisi. Likilia kama debe, endelea. Likitoa sauti butu na unga mwekundu, simamisha kazi, ukabadilishe bati lenyewe kwanza.

Kulaza mshono

Anza na njia hii daima, kwa sababu nukta za kiwandani zinabaki. Kwangua silanti ya zamani mpaka uone mstari wa mabati. Sehemu iliyonyooka inaweza kulazwa bila kukatwa. Sehemu yenye mviringo haitakubali, itajikunja kama kola mbaya, kwa hiyo ipasue kwa grainda: mpasuo mmoja kila milimita 25 hadi 30, ukisimama milimita 3 kabla ya shina la ukingo. Usiufikie ukuta.

Laza kila ulimi kwa nyundo, kidogo kidogo, ukitoka mwisho mmoja hadi mwingine na kurudia. Pigo moja kubwa huachanisha nukta, mapigo kumi madogo hulaza. Patasi butu itakusaidia pale nyundo isipofika. Laza kuelekea upande ambao tairi halipiti na ambao hakuna waya nyuma yake. Mtu awe ndani akitazama bati lisibonyee kuelekea kwenye kanyagio.

Ukimaliza, pima. Nataka angalau milimita 15 kati ya tairi na chuma gari likiwa limebonyea na usukani umeisha. Tope la Karamoja, ule udongo mweusi unaonata, hujaza mwanya mdogo na kuwa mgumu kama tofali. Ukiwa na milimita 15 na ndimi zote bado zimeshikana, huhitaji kukata. Ziba mipasuo kwa nukta za kuchomea, ruka hadi sehemu ya kuziba.

Kukata

Ukingo ukiwa mpana mno, au ukilala na kuwa nundu ambayo bado inagusa, kata. Chora mstari ukiacha milimita 6 za ukingo kutoka kwenye shina. Hizo ndizo utakazochomea. Ukikata mpaka shina, utachomea hewa.

Usikate urefu wote kwa mara moja. Kata sentimita 5, bana mabati kwa koleo, chomea nukta mbili au tatu kwenye ukingo mpya, kisha kata sentimita 5 zinazofuata. Kwa njia hii mabati hayapati nafasi ya kuachana, na ukuta unabaki na umbo lake. Cheche zielekee nje, mbali na paipu za mafuta. Ndoo ya mchanga na kizimamoto viwe karibu, na mtu aliye ndani awe na kitambaa kilicholowa na chupa ya maji.

Kabla ya kuchomea, saga rangi na zinki mpaka chuma king'ae. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi jioni yake, kwa hiyo fungua milango ya gereji na usiinamie moshi. Kibanio cha waya wa ethi wa mashine ya kuchomea kiwe karibu kabisa na unapochomea, juu ya bodi hiyo hiyo. Kikiwekwa mbali, umeme hutafuta njia kupitia beringi za gurudumu na kuziharibu.

Chomea kwa vipande vifupi, sekunde moja moja, ukiruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ili bati lisipinde. Gusa kwa nyuma ya mkono uliovaa glavu, ukisikia joto kali, subiri. Mwishowe ukingo wote uwe umefungwa bila tundu. Saga kwa diski ya msasa mpaka pasiwe na ncha, maana ncha moja iliyobaki itachana ubavu wa tairi siku tairi litakapoifikia.

Kufunga jeraha

Hapa usiharakishe. Uganda hatuna theluji wala chumvi barabarani, ila tope linalokaa ndani ya fenda hubaki na unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika.

Piga brashi ya waya, futa kwa thina na kitambaa safi, usiguse tena kwa mkono mtupu. Paka praima ya epoksi mara mbili. Ikikauka, jaza mstari wote kwa silanti ya bodi, ukiisukuma kwa kidole kilichovaa glavu iingie kila mpasuo. Usitumie silikoni ya bafuni ile inayonuka siki: asidi yake huanza kula chuma siku hiyo hiyo, na rangi haishiki juu yake. Usitumie bodifila pia, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi, kwa kuwa hunyonya maji na kupasuka gari linapotikisika. Juu ya silanti weka rangi, na juu ya rangi ile nzito yenye raba. Acha matundu ya kutolea maji wazi. Msimu wa mvua, mpe kila mpako muda mrefu zaidi ya ulioandikwa kwenye kopo.

Rudi ndani ya gari. Moto wa kuchomea umeunguza rangi ya upande wa pili, na karibu kila gereji husahau upande huo. Safisha, paka praima, paka rangi. Sakafu yangu ile iliozea ndani, si nje.

Kabla ya kurudisha kapeti, ngoja usiku. Mtu aweke tochi kali ndani ya fenda, wewe uwe ndani ya gari gizani. Nuru ikipenya hata kama ncha ya sindano, maji yatapenya. Ziba. Asubuhi mwagia maji ya mpira wa bustani kwa dakika 10 na upapase bati kwa mkono.

Kurudisha na kujaribu

Kata plastiki ya ndani ya fenda ifuate umbo jipya, uifunge kwa klipu zake au skrubu zenye washa pana. Usiiache nje. Mawe ya changarawe yatapiga rangi yako mpya moja kwa moja. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mpangilio wa nyota, rudisha betri, kisha rudia jaribio lote la chokaa, gari likiwa limepakiwa na kubonyea.

Fanya upande wa pili kwa vipimo vyake mwenyewe. Magari yaliyowahi kugongwa hayalingani kulia na kushoto, na mengi ya yanayouzwa yamewahi kugongwa. Peleka gari alainimenti, hakikisha tairi la akiba la ukubwa mpya linaingia mahali pake, na uiarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba bodi imebadilishwa.

Baada ya kilomita 100 kaza nati tena na utazame mshono kwa tochi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, nyanyua kapeti ya abiria na uweke kiganja juu ya bati. Likiwa kavu, safari ya Kidepo ipo.